Kitufe Chekundu: Shajara ya Kisaidizi cha Rubani Injini Ikizima Angani

Naongeza maandishi hapa kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kuiga kazi hii asilipie makosa ambayo mimi nimeshayalipia. Mimi ni fundi wa elektroniki, nina leseni ya urubani binafsi, narukia Arusha. Kifaa ninachotengeneza ni cha kubeba mkononi, na hakigusi waya wala skrubu yoyote ya ndege. Chochote kinachofungwa kwenye ndege kinahitaji kibali, na safari hiyo sijaianza.

14 Januari 2024: Sekunde 11

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi kutoka Tanga kwa Cessna 172 ya zamani, mimi nikiwa kwenye usukani na mwalimu wangu, ninayemwita Kapteni, pembeni. Hewa ya pwani ilikuwa nzito kwa unyevu. Nilipunguza nguvu ili tushuke chini ya wingu, na baada ya dakika chache injini ikaanza kukohoa. Mtetemo ulipita kwenye kiti hadi mgongoni. Nilishika usukani kwa mikono miwili nikawa natazama kipima mizunguko, kana kwamba kukitazama kutakipandisha.

"Pua, kijana. Pua!" Kapteni alisema. Akashusha pua ya ndege mwenyewe, akavuta leva ya joto la kabureta (sehemu inayochanganya mafuta na hewa). Injini ikatema maji, ikaguna, ikarudi. Ilikuwa barafu ndani ya kabureta, jambo linalotokea hata katika joto la pwani, kwa sababu mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapobanwa kooni mwa kabureta, joto hushuka sana pale ndani.

Jioni nilifungua rekodi ya GPS. Sekunde 11 zilipita mimi nikiwa sijafanya lolote, na kasi ilikuwa imeshuka kutoka noti 100 hadi 72 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Ningechelewa zaidi, mabawa yangeacha kubeba.

Injini ikizima, ndege haianguki kama jiwe. Inateleza. Cessna 172 ikishikwa kwenye noti 65 husogea mbele kama futi 9 kwa kila futi moja inayoshuka, yaani takriban maili moja na nusu ya baharini kwa kila futi 1,000. Kazi ya rubani ina mpangilio: kasi kwanza, kisha mahali pa kutua, kisha kuangalia mafuta, mchanganyiko wa mafuta na hewa, joto la kabureta na magneto (zinazotoa cheche za kuwasha mafuta), kisha redio. Mimi nilikwama kwenye la kwanza.

Viwanda vikubwa vimeshalifanyia kazi jambo hili. Garmin walitoa Smart Glide mwaka 2021. Ukiiwasha, inachagua uwanja unaofikika, na ndege yenye rubani wa kujiendesha (autopilot) anayefaa inashikiliwa kwenye kasi ya kuteleza na kuelekezwa huko. Autoland yao, iliyoidhinishwa mwaka 2020, inatua yenyewe kabisa, ila inahitaji injini iliyo hai. Ndege tunazofundishiwa huku zina saa za mishale tupu na hazina rubani wa kujiendesha. Kwa hiyo lengo langu ni dogo: kifaa kiniambie mambo mawili ndani ya sekunde 2, kasi gani na upande gani.

3 Februari 2024: Vifaa

Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo, shilingi 95,000. Moduli ya GPS 48,000. Kipima mgandamizo wa hewa BMP280 shilingi 9,000. Duara la taa 24, 18,000. Betri ya akiba 35,000, kitufe chekundu 6,000, boksi la plastiki 20,000. Jumla 231,000. Sauti inakwenda kwenye hedifoni kwa Bluetooth.

Moduli ya kwanza ya GPS niliiua mwenyewe kwa kulehemu waya wa umeme mahali pa waya wa data. Ongeza 48,000.

Kipima mgandamizo kilinipa somo dogo. Ukifungua tundu la hewa la kabini, mgandamizo wa ndani unabadilika, na kifaa kinadhani ndege imepanda au kushuka futi kadhaa. Sasa mwinuko nauchukua kwenye GPS, na kile kipimo nakitumia kujua tu ndege inashuka kwa kasi gani.

25 Februari 2024: Maikrofoni iliyonidanganya

Nilitaka kifaa kitambue chenyewe kwamba injini imezima. Niliweka maikrofoni ndogo, nikaandika programu ya kuchambua mvumo. Hesabu ilionekana safi: kwa mizunguko 2,400 kwa dakika, injini inapiga mvumo wa 80 kwa sekunde. Mvumo ukitoweka, injini imekufa.

Kosa liko hivi. Injini yenye silinda 4 inawaka mara 2 kwa kila mzunguko. Propela yenye makafi 2 nayo inakata hewa mara 2 kwa kila mzunguko. Milio hiyo miwili inakaa mahali pamoja, 80 juu ya 80. Na injini ikizima angani, propela haisimami, upepo unaendelea kuizungusha. Kwa hiyo maikrofoni inaendelea kusikia mvumo, ila umeshuka. Ni mvumo uleule unaosikika kila rubani anapovuta leva ya nguvu nyuma ili atue.

Nilichukua rekodi za safari nne za kawaida nikazipitisha kwenye programu. Ilipiga kengele kwenye kila mtuo. Nikajaribu kuongeza masharti: mwinuko, mtetemo, kasi ya kushuka. Kila sharti lililonyamazisha kengele ya uongo lilichelewesha ya kweli kwa sekunde 6, 8, mara moja 14. Kipimo cha joto la moshi wa injini kingetoa jibu, lakini hicho kimefungwa kwenye ndege, nami nimejizuia kugusa ndege.

Wiki tatu za kazi nimezifuta. Rubani ndiye anayejua injini imezima, kwa hiyo rubani atabonyeza. Kitufe kimoja, chekundu, kikubwa kiasi cha kupigwa kwa ngumi.

28 Aprili 2024: Ukuta wa Manyara

Hili ndilo kosa lililonitisha kuliko yote, nalieleza kwa urefu.

Kwa mwinuko wa ardhi natumia data ya SRTM, ramani ya mwinuko wa ardhi iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000. Kila mraba wa digrii moja ni faili la karibu megabaiti 26. Kaskazini yote ya Tanzania inaingia kwenye kadi ndogo bila shida. Majaribio nafanya kwenye simyuleta ya X-Plane, inayotuma mahali na mwinuko wa ndege kwa mtandao wa ndani, na kifaa kinadhani kiko angani.

Niliweka ndege juu ya Ziwa Manyara, futi 6,500 kutoka usawa wa bahari, maili 4.5 za baharini kutoka uwanja wa Lake Manyara. Nikazima injini, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka kuelekea uwanja: unafikika. Nikaifuata kwa uaminifu, noti 65, mikono imetulia. Ukingo wa Bonde la Ufa ukawa unapanda mbele ya kioo, ukapanda, ukaziba anga. Taa ilibaki kijani mpaka ndege ilipogonga ukuta.

Programu yangu ilichukua urefu wa ndege juu ya ardhi iliyo chini yake. Ziwa liko karibu futi 3,150, kwa hiyo ilihesabu kwamba nina futi 3,350 za kutumia, zinazotosha karibu maili 5. Lakini uwanja hauko chini ziwani. Uko juu ya ukingo, futi 4,150. Nilichokuwa nacho hasa ni futi 2,350, maili 3.5 tu. Kwa maili 4.5 ndege ingefika ikiwa karibu futi 700 chini ya uwanja wenyewe. Anayerukia tambarare anaweza kuishi na kosa hili miaka mingi bila kuliona.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, urefu unahesabiwa kutoka uwanja unaokwenda, na ndege ifike juu yake ikiwa na futi 1,000 mkononi. Pili, programu inatembea kwenye mstari mzima hadi uwanjani, hatua kwa hatua, na kila hatua lazima ndege iwe imepita ardhi kwa futi 300.

Nilipodhani nimemaliza, nikajaribu upande wa Mlima Meru. Kifaa kikanipitisha katikati ya mlima. Faili za zamani za SRTM zina mashimo pale rada iliposhindwa kuona, hasa kwenye miamba mikali, na kila shimo limeandikwa -32768. Programu yangu iliisoma namba hiyo kama mwinuko wa kweli, ikaona bonde refu lisilo na mwisho, njia nyeupe. Sasa nimechukua toleo lililojazwa mashimo, na likitokea shimo bado, linahesabiwa kuwa ukuta.

9 Juni 2024: Upepo, na kugeuka karibu na ardhi

Kifaa cha kubeba hakina mrija wa kupima kasi ya hewa. Upepo nauhesabu kwa kulinganisha kasi ya GPS ndege inapobadili mwelekeo safarini. Ukiruka mstari mmoja kwa muda mrefu, makadirio yanazeeka. Niliyaamini yale ya zamani, na katika simyuleta nikashindwa kufika uwanjani mara tatu. Upepo wa mbele wa noti 20 unakula zaidi ya robo ya umbali wa kuteleza. Sasa makadirio yakipita dakika 20, kifaa kinachukulia kwamba kila upande una upepo wa mbele wa noti 15. Kitakosa viwanja vingine ambavyo vingefikika. Nakubali hasara hiyo.

Kosa jingine lilikuwa kipenyo cha kugeuka. Nilikihesabu kwa noti 65 za kwenye saa, yaani kipima kasi cha ndege. Arusha iko futi 4,550, na mchana wa joto la digrii 28 hewa ni nyepesi kama iliyo futi 7,000 na zaidi. Noti 65 za kwenye saa ni kama 72 za kweli. Kipenyo kinakua kwa karibu robo nzima.

Hapo nikafika kwenye swali ambalo kila mwanafunzi wa urubani huuliza: injini ikizima mara tu baada ya kuruka, nirudi? Nilijaribu katika simyuleta, mara 10 kwa kila urefu, nikijiwekea sekunde 4 za mshtuko kabla ya kugusa chochote. Kutoka futi 500 sikurudi hata mara moja. Kutoka 800 nilirudi mara 2. Kutoka 1,000, mara 6. Mara nyingi sikuishiwa urefu. Nilikuwa nainamisha bawa kupita kiasi na kuvuta pua ili nigeuke haraka, na kwenye mwinamo wa digrii 45 kasi ambayo mabawa yanaacha kubeba inapanda kwa karibu asilimia 19.

Nimeandika sheria moja: chini ya futi 1,000 juu ya uwanja ulioruka, kifaa hakionyeshi uwanja huo kabisa. Kinasema, "Mbele. Pua chini." Kapteni aliposoma mstari huo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huo usiuguse tena."

4 Agosti 2024: Sauti ya Kiswahili

Redioni tunazungumza Kiingereza, lakini mtu akishtuka hushtuka kwa lugha yake. Dada yangu alirekodi maneno, kwa sababu sauti ya mwanamke inajitenga haraka na sauti za kiume zilizojaa redioni. Nikakaa na wenzangu sita, mmoja mmoja, kwenye simyuleta nyumbani, kelele ya injini na upepo nimeipandisha kwenye spika.

Mwelekeo wa digrii nilishindwa nao siku ya kwanza. "Mia mbili arobaini na tano" inachukua muda, na msikilizaji hawezi kuanza kugeuka mpaka namba iishe. Nikahamia kwenye saa, kama marubani wanavyosema duniani kote: lengo liko saa tatu, maana yake upande wa kulia kabisa. Nikarekodi, "Uwanja, saa tatu."

Kati ya sita, wawili waligeuka kulia. Watatu waligeuka kushoto. Mmoja aligeuza kichwa akaniuliza, "Saa tatu ipi?"

Sisi tunaposema saa tatu, mshale mfupi unaelekea kwenye tisa. Mtoto wa Kiswahili amejifunza saa hivyo tangu darasa la kwanza, na katika sekunde ya hofu hilo ndilo linalokuja. Waliogeuka kushoto walisikia vizuri na kuelewa vizuri. Aliyekosea ni mimi niliyebeba saa ya watu wengine nikaivalisha maneno yetu. Nimeiondoa. Sasa inasema "Kulia", "Kulia nyuma", "Kushoto", na bawa likishafika mwelekeo, "Nyoosha." Duara la taa linaonyesha kilichobaki.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Baada ya mwelekeo, sauti ilikuwa inasema "Utafika" au "Hutafika". Kwenye chumba kimya maneno hayo ni mbingu na ardhi. Ukiongeza kelele ya upepo, tofauti yote ni herufi h moja mwanzoni mwa neno, na h ni pumzi tu. Wawili walisikia "utafika" pale dada aliposema "hutafika". Wakaufuata uwanja ambao hawakuwa na urefu wa kuufikia, na walipogundua walikuwa wameshapita mashamba mazuri matatu.

Nilifikiria "Hapana", nikafikiria "Haufikiki". Dada ndiye aliyesema nisimwambie mtu anachoshindwa, nimwambie cha kufanya. Sasa ni "Utafika" au "Tafuta shamba." Hayafanani hata ukiyasikia nusu. Kati ya mara 30 tulizorudia, hakuna aliyeyachanganya.

22 Septemba 2024: Angani

Saa moja na dakika 36 za ndege, mwalimu pembeni muda wote, futi 8,500, uwanja wa Arusha chini yetu. Injini hatukuizima. Tulivuta leva ya nguvu hadi mwisho, na Kapteni ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya kila kitu.

Mara ya kwanza kifaa kilikuwa kimekufa. Nilikiweka juu ya dashibodi chini ya kioo, jua la saa sita likakichemsha, kompyuta ikajizima. Mara ya pili kilijiwasha chenyewe tukiwa tunapanda, kwa sababu goti langu lilikigusa kitufe, na sauti ya dada ikaamuru "Pua chini" ikitukuta na nguvu kamili. Kapteni alikiondoa mkononi mwangu, akakiweka kwenye mfuko wa mlango, tukatua. Alikuwa na haki. Kifaa cha dharura kinachosema uongo kwenye kupanda ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Nilitengeneza boksi la alumini lenye matundu (30,000) na kitufe chenye kifuniko cha kunyanyua (12,000), tukarudi wiki iliyofuata kwa saa moja na dakika 36 nyingine. Safari hii tulifanya miteremko minane. Tangu Kapteni kusema "Sasa" hadi bawa kuanza kugeuka upande sahihi, muda wangu mrefu kabisa ulikuwa sekunde 5.

Namba moja inanipa shaka. Tulipima futi 9.4 mbele kwa kila futi ya kushuka, wakati kitabu cha ndege kinatoa kama 9. Injini iliyo kwenye mzunguko wa chini bado inaisaidia propela kidogo. Injini iliyokufa inakokotwa na propela, na inaburuta. Ukijifunza kuteleza kwa injini hai, siku ya kweli ardhi inakuja mapema. Ndani ya programu nimeweka 8, na sitaipandisha hata kama rekodi zangu zote zitasema 9.

10 Novemba 2024: Ilipofika

Gharama hadi leo: vifaa 321,000 pamoja na vilivyoharibika, na ndege saa 3 na dakika 12 kwa 650,000 kwa saa, shilingi 2,080,000. Saa za kukaa mezani sikuzihesabu.

Kazi ya sasa ni orodha ya viwanja. Nilianza na orodha za wazi na kuziamini, mpaka nilipoweka kiwanja kimoja cha porini kwenye picha ya setilaiti nikakuta alama iko kwenye kichaka, zaidi ya kilomita 2 kutoka njia ya kurukia yenyewe. Tangu hapo kila kiwanja nakikagua kwa jicho: ncha mbili, mwinuko, mwelekeo, miti. Kisichokaguliwa hakiingii, hata kama kipo. Ninavyo 41 kati ya Arusha na Serengeti. Kuelekea Dodoma nimeanza. Pwani bado, na pwani ndiko nilikokohoa.

Mvua za vuli zimeanza, mashamba ya mahindi yanalimwa. Kabla sijaongeza chochote nataka kupita na Kapteni juu ya Monduli na Kisongo tukiyatazama kwa macho, yapi yametifuliwa, yapi yana mitaro, kwa sababu neno "shamba" lililomo kwenye kifaa bado halijui lolote kati ya hayo.